Kiwanja Kando ya Ziwa: Namna ya Kujua Ardhioevu Inaishia Wapi na Mita 60 Zinaanzia Wapi

Dalali wa Luchelele, Igombe au Kayenze, hapa Mwanza, akikuambia kiwanja "kimeshaacha mita sitini", muulize: sitini kuanzia wapi? Akinyoosha kidole kwenye maji yalipo leo, bado hajakujibu.

Kando ya Ziwa Victoria kuna mistari mitatu, na wauzaji wengi huizungumzia kana kwamba ni mmoja. Upo ukingo wa maji. Upo mwisho wa ardhioevu, yaani pale udongo na mimea ya majimaji inapoishia. Halafu upo mstari wa mita 60, yaani umbali kutoka ukingoni ambao ndani yake sheria inakataza shughuli za kudumu. Capri Point, kwenye majabali, ardhioevu huioni kabisa, lakini mita 60 zinahesabika vilevile. Kwenye midomo ya mito, kama Simiyu upande wa Magu, mafunjo na matope yanaweza kuendelea mbali kupita mita 60. Kwa hiyo kazi yako si kutafuta mstari mmoja. Tafuta mwisho wa ardhioevu, tafuta mita 60, kisha uheshimu ule ulio mbali zaidi na maji.

Mwongozo huu ni wa mnunuzi, mkulima wa bustani, kamati ya mtaa, na yeyote anayetaka kujua anasimama wapi kabla hajatoa pesa au kumwaga zege. Mpaka unaosimama mbele ya sheria huwekwa na mpima ardhi aliyesajiliwa pamoja na mamlaka husika. Ila ukiwaendea ukiwa umeshafanya kazi hii, utauliza maswali ya maana.

Sheria zenyewe

Zipo tatu za kuanza nazo, na hazisemi kitu kimoja.

Ya kwanza ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004. Inaitambua ardhioevu kuwa eneo linalofunikwa na maji, muda wote au kwa msimu, ambamo mimea na wanyama wamezoea hali hiyo. Tazama maneno "kwa msimu". Eneo likikauka Agosti ukapita na viatu vya ngozi, hilo peke yake haliliondoi kwenye maana ya ardhioevu. Sheria hiyohiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza ardhioevu kuwa eneo la hifadhi, na kifungu cha 57 ndicho chenye zile mita 60 maarufu: shughuli za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu hifadhi ya ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa, zisifanyike ndani ya umbali huo.

Ya pili ni Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999. Kifungu cha 7 kinazungumzia ardhi hatarishi, na ndani yake zimo ardhioevu, visiwa, na eneo lililo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au pwani. Wengi huruka jambo moja hapa: ardhioevu na mita 60 zimeandikwa kama vitu viwili tofauti, kila kimoja kwa nafasi yake. Anayekuambia "ukishavuka sitini uko huru" amesoma nusu ya orodha.

Ya tatu ni Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, inayozipa bodi za mabonde usimamizi wa vyanzo vya maji. Kwetu ni Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, ambayo makao yake yako hapahapa Mwanza.

Utakutana pia na Mkataba wa Ramsar wa 1971, wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, ambao Tanzania iliingia mwaka 2000. Nchini tuna maeneo manne chini ya mkataba huo: Malagarasi–Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na Rufiji–Mafia–Kilwa. Hakuna hata moja kwenye ukingo wetu wa Ziwa Victoria, ila hilo haliondoi ulinzi wa sheria za ndani. Ile kanuni ya mkataba ya kuhesabu maji ya bahari kuwa ardhioevu hadi kina cha mita 6 wakati wa maji kupwa ni ya wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam. Ziwa halina kupwa na kujaa kwa namna hiyo. Linapanda na kushuka kwa misimu na kwa miaka, jambo linaloleta ugumu wa aina nyingine.

Tahadhari nyingine kwa wenye ndugu ng'ambo ya mpaka: Uganda, kwa kanuni zao za 2000, ukanda wa ulinzi wa Ziwa Victoria ni mita 200, zikipimwa kuanzia maji yanapokuwa chini. Ziwa ni lilelile, sheria ni nyingine. Usikubali mtu akupimie Nyamagana kwa kanuni za Entebbe, wala mwekezaji asikuambie kwamba "kimataifa ni hivi".

Anza na maji: yamewahi kufika wapi?

Kifungu cha 57 kinataja ukingo wa ziwa bila kutaja mwaka wala kimo cha maji. Kwenye ziwa lisilotulia kimo, hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Mvua za Uhuru, kuanzia mwishoni mwa 1961, zililipandisha ziwa zaidi ya mita 2 hadi kufikia kilele mwaka 1964. Mwaka 2006 likashuka sana, likaacha fukwe pana ambazo hazikuwahi kuonekana kwa miaka mingi. Watu wakalima huko, wakajenga mabanda, na wengine wakauziana. Mei 2020 likapanda hadi kupita kidogo rekodi ya 1964, likafika kama mita 13.4 kwenye kipimo cha kimo cha ziwa kilichoko Jinja, Uganda, na Mei 2024 likapanda tena. Kati ya 2006 na 2020 tofauti ni zaidi ya mita 2.5 za wima.

Sasa geuza hizo ziwe mita za mlalo. Kwenye ufukwe tambarare unaopanda mita 1 kwa kila mita 50, mita 2.5 za wima zinausogeza ukingo mita 125, zaidi ya mara mbili ya mita 60 zenyewe. Aliyepima vizuri kabisa mwaka 2006, kwa mkanda halali na shahidi, 2020 alijikuta ndani ya maji. Kwenye jabali la Bwiru mita hizohizo za wima ni alama tu ukutani.

Ushauri wangu ni kupima kuanzia alama ya juu ambayo maji yamewahi kufika, si kuanzia maji ya leo. Afisa anaweza kukupimia kwa namna itakayokuachia ardhi zaidi. Basi shukuru, lakini msingi wa nyumba uweke kwa hesabu yako kali.

Alama hiyo unaitafuta hivi. Kwenye mawe angalia mstari wa rangi: sehemu iliyokaa majini hubaki na doa la kijani kilichokauka au weusi, na mstari huo huenda sawasawa kutoka jiwe hadi jiwe. Kwenye mchanga tafuta tuta dogo lililojengwa na mawimbi na mstari wa takataka: magugumaji makavu, maganda ya konokono, vipande vya nyavu, chupa. Angalia miti iliyofia wimawima, mipera na miembe hasa. Ikiwa imekufa kwa safu moja inayofuata ukingo, mizizi ilizamishwa. Kuta za nyumba za zamani na nguzo za mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, nazo zina doa la maji.

Kisha ongea na wazee. Usimuulize mzee "maji yalifika mita ngapi", kwa sababu utampa kazi ya kubahatisha. Muulize mitumbwi ilikuwa ikifungwa wapi, kisima cha nani kilimezwa, njia ya kwenda mwaloni ilihamishwa lini. Majibu ya namna hiyo unaweza kwenda kuyakanyaga kwa mguu.

Mwisho fungua Google Earth kwenye kompyuta, nenda kwenye picha za miaka ya nyuma, ulinganishe miaka ya ukame na baada ya 2020. Piga picha ya skrini kila mwaka unaoonekana vizuri na uihifadhi ikiwa na tarehe yake. Kwa pesa ndogo kabisa, huu ndio ushahidi bora utakaoupata.

Mwisho wa ardhioevu: mimea, udongo, maji

Njia inayotumika sana duniani kuuweka mpaka wa ardhioevu inatazama mambo matatu kwa pamoja. Wamarekani waliiandika kwa kina katika mwongozo wa wahandisi wa jeshi lao wa mwaka 1987, na mantiki yake inafanya kazi Sangabuye kama inavyofanya kazi kwao, ingawa kisheria haitubani.

Chora njia kadhaa zilizonyooka kutoka majini kwenda nchi kavu, zikiukata ukingo kwa pembe mraba. Kwa kiwanja cha kawaida njia tatu zinatosha. Penye kona au kijito ongeza. Tembea kila njia, na kila hatua kumi simama utazame.

*Mimea.* Mafunjo na matete ni mashahidi wazuri kwa sababu yamejikita. Swali si kama yapo, bali kama mimea inayotawala mahali hapo, zaidi ya nusu ya aina zinazotawala, ni ile inayoishi majimaji. Fungu moja la matete katikati ya nyasi za malisho halitoshi. Magugumaji usiyahesabu kabisa: yanaelea, upepo wa usiku unayaleta na wa asubuhi unayachukua. Na penye majaruba ya mpunga au bustani za mchicha mimea ya asili ilishang'olewa, kwa hiyo shahidi huyu hayupo. Nenda kwenye udongo.

*Udongo.* Huu ndio shahidi asiyehongeka, na ndio ninaoutegemea zaidi. Chimba shimo la nusu mita kwa jembe na utazame hasa sentimita 30 za juu. Udongo unaokaa majini hukosa hewa, na vijidudu vilivyomo huanza kutumia madini ya chuma badala ya hewa. Chuma kinayeyuka na kuhama, rangi nyekundu inaondoka, kinabaki kijivu au kijivu cha bluu. Pale mzizi unapopitisha hewa kidogo chuma kinarudi kuwa kutu, nawe unaona mistari ya rangi ya machungwa kufuata mizizi. Kijivu chenye michirizi ya kutu karibu na uso wa ardhi: hapo maji hukaa kwa muda mrefu, hata kama leo pamekauka. Harufu ya yai viza unapochimbua ni dalili nzito zaidi.

Hapa kwetu kuna mtego. Wasukuma wana majina ya udongo kulingana na mahali ulipo kwenye mteremko: luseni wa mchanga juu, itogolo na ibambasi chini yake, kisha mbuga bondeni. Mbuga ni nyeusi na hupasuka kiangazi, na weusi wake huficha ile rangi ya kijivu na kutu. Kwa hiyo kwenye mbuga rangi inaweza kukudanganya kwa pande zote mbili: si kila mbuga nyeusi ni ardhioevu, na si kila mbuga isiyoonyesha kutu iko salama. Hapo tegemea maji na kumbukumbu za wakulima. Kwenye luseni rangi husomeka vizuri.

Halafu kifusi. Maeneo mengi ya Ilemela na Nyamagana yaliyo karibu na maji yamejazwa mawe, udongo mwekundu na mabaki ya ujenzi, kisha yakauzwa kama kiwanja kikavu. Ukikuta sentimita 60 za udongo uliochanganyika na vipande vya tofali na plastiki, endelea kuchimba. Ukifika chini ukakuta tope jeusi lenye mizizi ya mafunjo iliyooza, umepata jibu ambalo muuzaji hakutaka kukupa. Kujaza kifusi hakubadilishi historia ya eneo. Mara nyingi kunaongeza kosa juu ya kosa.

*Maji.* Acha shimo wazi kwa saa kadhaa uone maji yanapanda hadi wapi. Fanya hivi mara mbili kwa mwaka ukiweza: mwishoni mwa masika, Mei au Juni, ziwa linapokuwa juu, na tena kiangazi. Anayenunua Septemba bila kuiona Mei ananunua nusu ya kiwanja.

Mahali ambapo dalili zinabadilika kwenye kila njia, toka upande wa majimaji kwenda upande wa kavu, simika kijiti chenye kitambaa. Ukishamaliza njia zote, unga vijiti. Mstari huo utapindapinda, na ndivyo unavyopaswa kuwa. Ukinyooka kama rula ujue kuna mahali umekisia. Chukua majira ya GPS (namba zinazoonyesha mahali) ya kila kijiti, na picha inayoonyesha kijiti, shimo na ziwa kwa nyuma.

Kupima sitini

Kwenye karatasi ni rahisi. Kwenye milima ya mawe ya Mwanza si hivyo. Mpima hupima umbali wa mlalo, si wa kufuata mteremko. Ukilaza mkanda wa mita 60 kwenye mteremko wa nyuzi 30 umepata mita 52 tu za mlalo. Shikilia mkanda usawa, vipande vifupivifupi, ukishusha timazi kila hatua.

Pima kutoka kila sehemu ya ukingo iliyo karibu, si kutoka ncha moja iliyokufaa. Ghuba ndogo ikiingia pembeni mwa kiwanja, nayo ina mita 60 zake. Kijito kikipita, kumbuka kingo za mito nazo zimo kwenye sheria ileile. Wakazi wa kando ya Mto Mirongo wanalijua hili hata kama hawalioni ziwa.

GPS ya simu inakosea mita kadhaa, hivyo haifai kuamua kati ya mita 58 na 62. Kosa kubwa zaidi liko kwenye mfumo wa majira. Ramani nyingi za zamani za upimaji nchini zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali simu hutumia WGS84. Kuyachukua majira ya ramani ya zamani na kuyaingiza kwenye simu bila kuyabadilisha kunaweza kukuhamisha karibu mita 300. Bikoni za kiwanja, yaani alama za mipaka yake, zikionekana katikati ya ziwa, usikimbilie kusema umetapeliwa. Muulize mpima kwanza ramani iko kwenye mfumo gani.

Ofisini

Fuata mpangilio huu, maana kila ofisi inauliza karatasi ya iliyotangulia. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, si kwa sababu ana mamlaka ya kupima, bali anajua nani aliwahi kuwekewa X ya rangi nyekundu ukutani na kwa nini. Nenda idara ya ardhi, Jiji kwa upande wa Nyamagana au Manispaa kwa Ilemela, ukiwa na namba ya kiwanja na bloku. Omba kuona mchoro wa mipango miji na ramani ya upimaji, uangalie eneo limepangiwa matumizi gani. Likiwa limeandikwa eneo la wazi au hifadhi ya ziwa, rudi nyumbani. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Hati safi ni jambo jema, lakini haikupi ruhusa ya kujenga ndani ya mita 60.

Kisha andika barua kwa Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, nakala ofisi ya kanda ya NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ukiambatanisha majira, picha na mchoro wako, na uombe jambo moja bayana: waje waonyeshe ukingo na mstari wa mita 60 kwenye eneo lenye majira hayo, na wathibitishe kwa maandishi. Barua isemayo "naomba ushauri" itajibiwa kwa ushauri. Mradi mkubwa, kama hoteli au kiwanda cha samaki, unahitaji pia cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya ujenzi. Cheti hicho ni hatua tofauti na kuonyeshwa mpaka. Usichanganye viwili hivi.

Vijijini, Magu, Misungwi, Sengerema au Ukerewe, mlango ni halmashauri ya kijiji, na karatasi ya kuuliza ni mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji kama upo.

Ukiletewa notisi

Notisi ya kukutaka uondoke au ubomoe usiibandue ukutani, na usinyamaze. Jibu kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa, uombe kipimo kifanyike ukiwapo, na umlete mpima wako. Uliza wamepima kutoka wapi, tarehe gani, kwa mfumo gani wa majira. Mara nyingi hoja nzima inakaa kwenye swali la kwanza. Kama familia yako ilikuwa hapo kabla ya 2004, kusanya stakabadhi, barua za toleo na risiti za kodi, umwone wakili mapema au kituo cha msaada wa kisheria.

Mabaraza ya kata, tangu mabadiliko ya 2021, yanasuluhisha tu, hayaamui. Shauri la ardhi linalohitaji hukumu linaanzia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu kulingana na thamani yake. Anayetaka kuishtaki Serikali, pamoja na halmashauri, lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe. Siku hizo hazisimamishi tingatinga zenyewe, kwa hiyo zungumza na wakili kuhusu zuio la muda siku uliyopokea notisi ya kubomoa, si siku ya 89.